Miwa yangu ya Kahe ina matundu na wekundu ndani: nipulize, nichome au nikate?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina ekari mbili za miwa Kahe, Moshi Vijijini. Namwagilia kwa zamu kwenye mfereji wa kikundi. Nauza kwa wakamuaji wa juisi wa Moshi mjini, na wengine wanakuja na pikapu kutoka Arusha. Shamba liko ratuni ya nne, yaani miwa imechipua upya kutoka kwenye visiki mara nne. Msimu huu miwa mingi ni myembamba, na ukiipasua unakuta matundu na wekundu ndani, wateja wanairudisha. Dukani waliniuzia dawa ya wadudu, nimepuliza, sioni mabadiliko. Jirani ananishauri nichome shamba lote lichipue upya. Najua kiwanda cha sukari cha TPC kina wataalamu wake. Je, utafiti unasema nini kwa mkulima mdogo kama mimi? Nikate lini? Na huyo jirani ana ekari moja ya miwa anataka kunikodisha, nichukue?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Dawa hiyo iache kwanza, usinunue chupa nyingine. Mdudu unayempulizia yuko ndani ya muwa, dawa inaishia kwenye majani. Halafu kumbuka unamuuzia nani. Mteja wako anamenya muwa kwa meno, au anaukamua na kunywa papo hapo. Kiuatilifu ambacho lebo yake haitaji miwa, wala haisemi usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna, hakina kazi shambani kwako. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake yako hapo Arusha. Wao ndio wenye orodha ya dawa zilizosajiliwa na mazao yake. Muuza duka anajua bei.

Kwa dalili ulizozitaja na kwa mahali ulipo, mshukiwa wangu wa kwanza ni funza wa shina anayeitwa Eldana saccharina. Si mgeni tambarare ya Moshi. Mwaka 1974 mtafiti J. N. Waiyaki aliwasilisha kwenye mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa miwa utafiti kuhusu maisha ya mdudu huyu na mavuno yanayopotea kwa ajili yake, na shamba alilolichunguza lilikuwa Arusha Chini, kusini kidogo tu ya Moshi mjini. Kwa hiyo ukiambiwa huyu ni mdudu wa juzi aliyeletwa na mabadiliko ya tabianchi, jua anayekwambia hajasoma.

Lakini usinichukulie maneno tu. Ingia shambani, tembea kwa mshazari toka kona hadi kona, kata miwa mia moja bila kubagua mizuri na mibaya, kisha ipasue kwa urefu. Matundu yakiwa zaidi kwenye pingili za chini, na nje ya tundu pana unga wa kinyesi ulioganda, huyo ni Eldana. Funza wake ni wa kijivu kinachoelekea weusi au hudhurungi, na ukimgusa anajipindapinda na kurudi nyuma kwa kasi. Ukikuta wa rangi ya waridi, huyo ni Sesamia. Mwenye madoa mgongoni ni Chilo. Hao wawili hupenda sana machipukizi machanga: jani la katikati linakauka, na ukilivuta linachomoka lote. Andika kwenye daftari ni miwa mingapi kati ya mia ina tundu. Mwakani utarudia hesabu hiyo hiyo. Bila hiyo utakuwa unakisia kama umepiga hatua au la.

Ule wekundu hauletwi na meno ya funza moja kwa moja. Ni ukungu unaoingia kupitia tundu alilotoboa, mara nyingi wa jamii ya Fusarium. Watafiti wa Afrika Kusini wamegundua kwamba baadhi ya aina za ukungu huo zinamnufaisha funza, anakua vizuri zaidi kwenye muwa ulioambukizwa. Wanasaidiana, kwa lugha nyepesi.

Sasa uone kwa nini dawa yako haikufanya kitu. Nondo jike wa Eldana hatafuti jani bichi. Anashuka chini ya muwa kwenye majani makavu, anapenyeza mayai ndani ya jani lililojikunja au nyuma ya ala, lile ganda la jani linaloukumbatia muwa. Baada ya takriban wiki moja mayai yanaanguliwa. Vijifunza vinakaa nje siku kadhaa vikila mabaki, ndipo vinatoboa kuingia ndani. Dawa ina nafasi ya kumkuta katika siku hizo chache tu, na mashamba makubwa yanayopuliza hufuatilia kwanza wingi wa nondo ili dawa iangukie hapo. Anayepuliza kwa sababu ameona matundu amechelewa. Na usidanganyike na mitego ya harufu kama ile ya viwavijeshi. Kwa nondo wengi jike ndiye anayemwita dume kwa harufu, mtego unaiga harufu ya jike na madume yanaingia. Kwa Eldana, dume ndiye anayeita, kwa harufu na kwa mlio ambao sikio la binadamu halisikii. Mtego wa kawaida utakaa mtupu.

Kupuliza kuna hasara nyingine usiyoiona. Sisimizi ni walaji wakubwa wa mayai ya Eldana, na dawa haichagui. Vivyo hivyo kwa vidukari wa njano, wale waliotoka bara la Amerika na kuingia Afrika Kusini mwaka 2013, ambao siku hizi wanasumbua miwa michanga ya ukanda huu pia: wanaliwa na mbawakawa wadogo wenye madoa, na ukiwaua mbawakawa hao umewafungulia vidukari mlango. Hapo Arusha Chini penyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walisumbuliwa na wadudu magamba weupe, Aulacaspis tegalensis. Nao hujificha nyuma ya ala, mahali ambapo dawa haifiki. Miongoni mwa silaha zilizoletwa kupambana nao walikuwa mbawakawa wadogo wa jamii ya Rhyzobius, ambao kazi yao ni kula magamba.

Haya. Kuna jambo ambalo hukulitaja kama tatizo lakini limo kwenye barua yako, nami naona ndilo tatizo lenyewe: jinsi unavyouza.

Mnunuzi wa juisi anaingia shambani na panga lake, anachagua. Anataka muwa mnene, ulionyooka, laini, usio na doa. Anakata huo. Mwembamba anauruka, wenye tundu anauacha umesimama. Wiki inayofuata anakuja mwingine, naye anachagua. Ukipita mwaka, kwenye shina moja una muwa wa miezi minne, wa miezi tisa, wa miezi kumi na minane, na mwingine hata wewe huukumbuki ulichipua lini. Uliobaki ni upi? Ule mzee wenye funza. Kila mnunuzi anaondoka na muwa mzima, wewe unabaki unafuga nondo, na nondo hao wanatagia machipukizi yanayokuja. Ungetaka kuanzisha kitalu cha Eldana kwa makusudi usingefanya tofauti.

Umri wa muwa ndio kitu ambacho utafiti umekisema kwa uthabiti kuliko vingine vyote kuhusu mdudu huyu. Toka yai hadi nondo ni kama miezi miwili kwenye joto la tambarare. Fanya hesabu: muwa unaokatwa ukiwa na miezi 12 na ule unaoachwa hadi miezi 20 umepishana vizazi vinne vya nondo, kila kizazi kikiongezea juu ya kilichotangulia, na kila mwezi majani makavu ya kutagia yanazidi. Afrika Kusini walijifunza kwa machungu. Eldana aliripotiwa kwenye miwa ya bonde la Umfolozi mwaka 1939, akafifia, akarudi kwa nguvu miaka ya 1970. Kituo chao cha utafiti, SASRI, kilichoko Mount Edgecombe karibu na Durban tangu 1925, kimejaribu karibu kila kitu: aina mpya za miwa, vimelea, dawa, nyasi za kumfukuza. Lakini hatua ya mwanzo kabisa kwa wakulima wa pwani yenye mdudu mwingi ilikuwa kushusha umri wa kukata, kutoka miezi 18 na kuendelea hadi karibu 12. Kalenda ikafanya kazi ambayo bomba la dawa halikuiweza.

Kwa hiyo jibu la swali lako la "nikate lini" ni hili. Kahe iko chini na kuna joto, muwa uliomwagiliwa vizuri hauhitaji uungoje zaidi ya miezi 10 hadi 12. Zigawe ekari zako mbili mapande manane ya robo ekari. Kila baada ya wiki sita hivi unafungua pande moja, unalikata lote, mzuri kwa mbaya, mnene kwa mwembamba, hadi ardhi inaonekana. Ukimaliza la nane, la kwanza limeshakaribia mwaka. Mnunuzi achague kwenye rundo barabarani, asichague tena ndani ya shamba. Atanung'unika, na wengine watakwenda kwa jirani. Lakini bei ya juisi mjini haishuki kwa sababu wewe umebadilisha utaratibu, na ukiwa na miwa safi kila baada ya wiki sita bila kukosa, wa Arusha watakupigia simu wenyewe. Wanachokimbia wao ni safari ya bure.

Ile iliyokataliwa usiirundike kando ya mfereji. Funza anaendelea kula humo mpaka anakuwa nondo. Vilele vibichi na vipande visivyo na ukungu vikatwekatwe ng'ombe wale siku hiyo hiyo. Huko juu Kibosho hadi Marangu watu wanafuga ndani na kiangazi wanahangaika na majani, usiseme hakuna mteja. Vyenye ukungu vifukie. Na usishawishike kumpa mkamuaji muwa mwekundu kwa bei ya chini "achanganye". China wameripoti watu kupata sumu, hata kufa, kwa kula miwa iliyohifadhiwa hadi ikaota ukungu. Ukungu wa huko ni wa aina nyingine, lakini sioni sababu ya kufanya majaribio kwa watoto wa shule wanaonunua juisi stendi.

Kukata chini kabisa, usawa wa ardhi, usikuone ni usafi tu. Eldana anakaa chini ya muwa. Ukiacha kisiki cha shibiri moja umemwachia nyumba, na chipukizi linalotoka pembeni yake ndilo atakalohamia. Tena sukari nyingi ya muwa iko kwenye pingili za chini, kwa hiyo anayekata juujuu anatupa utamu na kubakiza mdudu. Panga lililonolewa, mgongo uiname. Najua vibarua hawapendi.

Jirani yako na kiberiti chake: hapana. Moto unapita haraka kwenye majani, ndani ya muwa mbichi wenye maji, joto haliwafikii funza wengi, na waliomo kwenye visiki chini ya udongo hawajui hata kama kulikuwa na moto. Utakachochoma ni sisimizi na majani makavu ambayo yangekufunikia ardhi. Viwanda vilivyochoma kabla ya kuvuna vilifanya hivyo ili wakataji wafanye kazi haraka na waepuke nyoka; haikuwa dawa ya funza. Na muwa uliopitiwa na moto unachacha upesi ukishakatwa, mkamuaji hautaki. Badala ya kuchoma, muwa ukifika miezi sita saba pita ukibandua majani makavu ya chini. Kazi hiyo huko Afrika Kusini imepunguza Eldana, kwa sababu unamnyang'anya nondo mahali pa kutagia. Kwa shamba la kiwanda ni gharama kubwa. Kwa mapande yako ya robo ekari ni asubuhi chache na watoto wa likizo. Majani hayo yalaze katikati ya mistari, mbali kidogo na mashina, yahifadhi unyevu.

Unyevu una uzito wake hapa. Muwa wenye kiu ndio Eldana anaoupenda, na ulioshindiliwa urea anaupenda zaidi. Vikikutana vyote viwili umemwandalia karamu. Naandika hivi kwa sababu namjua mkulima akiona muwa mwembamba: anakimbilia mfuko mwingine wa urea katikati ya kiangazi, wakati zamu ya maji haijulikani itafika lini. Mbolea ya naitrojeni iweke yote mapema, ratuni ikiwa na wiki chache hadi miezi miwili mitatu, ardhi ikiwa na maji, basi. Kama kikundi chenu kinagombania zamu, pelekeni hoja kwenye umoja wa watumiaji maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zake zipo Moshi. Muwa hauwezi kungoja maji kama unavyongoja mkutano.

Kuna jambo la silika pia, yale madini yaliyo kwenye mchanga. Majaribio ya Afrika Kusini yalionyesha kwamba muwa uliopata silika unapungukiwa na madhara ya Eldana, hasa unapokuwa na kiu, kwa kuwa ganda linakuwa gumu kutoboa. Nyinyi wa Lower Moshi mmezungukwa na mashine za mpunga, na makapi ya mpunga yana silika nyingi. Changanya na samadi, yaoze, rudisha shambani. Usiyachome kupata majivu, maana majivu yanazidisha umagadi kwenye udongo ambao tayari unao. Na usiyahesabu kama dawa. Ni msaada wa pembeni wa bei rahisi.

Mafunjo yaliyoota kandokando ya maji yaache. Eldana asili yake ni mmea wa jamii hiyo, kabla hajahamia kwenye miwa ya watu. Afrika Kusini wanatumia mbinu ya vuta-sukuma: mafunjo na ndago wakubwa vinamvuta nondo upande wa bondeni, nyasi inayoitwa Melinis minutiflora inapandwa kando ya miwa kumsukuma atoke. Waliokulia karibu na kazi za ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wanaijua mbinu hiyo kwenye mahindi. Kwa ekari mbili singeanza na hilo, lakini kufyeka mafunjo ili "kuondoa maficho" ni kumsukumia nondo shambani kwako.

Nimeongea sana juu ya funza, ila wembamba wa miwa yako haunielekezi kwa funza peke yake. Ratuni ya nne inayodhoofika mashina yote kwa pamoja inanifanya nishuku ugonjwa wa kudumaa kwa ratuni, ambao wataalamu wanauandika RSD. Uligunduliwa Queensland, Australia, miaka ya 1940, na ubaya wake ni kwamba hauna sura. Jani ni la kijani, hakuna doa, hakuna fugwe jeusi linalochomoza kileleni. Muwa unapungua tu unene na urefu mwaka hadi mwaka, na mkulima anasema udongo umechoka. Ukipasua kifundo cha muwa uliokomaa kwa kisu kikali unaweza kuona vidoa vya rangi ya chungwa au nyekundu ndani yake. Chanzo ni bakteria, na dereva wake mkuu ni panga lako. Linakata shina lenye ugonjwa, linakwenda kwa linalofuata na lile linalofuata, na wanunuzi wanaoingia na mapanga yao kutoka mashamba kumi wanakuletea ya wengine. Sababu nyingine ya kukata wewe mwenyewe.

RSD haina dawa ya kupuliza wala ya kumwaga. Unang'oa na kupanda mbegu safi. Mbegu husafishwa kwa kuloweka vipande kwenye maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa mbili. Likipungua joto bakteria wanapona, likizidi kwa nyuzi chache macho ya muwa yanakufa, kwa hiyo pipa na kuni nyuma ya nyumba ni kamari. Mbegu ya kuanzia itafute TARI Kibaha, kituo cha taifa cha utafiti wa miwa, kupitia afisa ugani wa halmashauri yenu. Huhitaji mzigo mkubwa. Pande moja tu la robo ekari ligeuze kitalu, na mbegu ya pande hilo itatosha mapande mengine kwa miaka inayofuata, ukiikata ikiwa na miezi 8 hadi 10. Wahindi wamekwenda mbali zaidi: wanapunguza mbegu kwa kuotesha jicho mojamoja kwenye trei, kisha wanahamisha miche ikiwa na mwezi hivi kwa nafasi pana, karibu miche 5,000 kwa ekari. Kwa mtu mwenye mbegu safi kidogo na nguvu kazi ya familia, naipenda hiyo kuliko kulaza miwa mizima mtaroni. Panga la kitaluni lipanguse kwa spiriti, au lipitishe kwenye moto kila unapohama mstari.

Usipande muwa juu ya muwa. Pande uliloling'oa lipumzishe msimu mmoja kwa choroko, soya au marejea. Machipukizi ya muwa wa zamani yang'oe yanapojitokeza, maana ndiyo yanayobeba ugonjwa kuuvusha. Mikunde inakuachia naitrojeni ardhini na choroko inauzika. Mahindi usiweke hapo. Funza wa shina wanakula mahindi vilevile, utakuwa umewawekea chakula wasihame.

Kabla hujang'oa chimbua mashina matano, sita, yanayolegea. Ukikuta mabuu meupe manene yaliyojikunja yakila mizizi, hao ni watoto wa mende wa miwa, Cochliotis melolonthoides, wenyeji wa Arusha Chini ambao W. F. Jepson aliwaandikia utafiti mwaka 1956. Kung'oa, kulima na kuacha ardhi wazi juani, kuku na korongo wakipita nyuma ya jembe, kunawapunguza sana. Na kama ardhi ikikauka inaota utando mweupe, peleka udongo ukapimwe, kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA. Kwa vipimo vya FAO mavuno ya miwa yanaanza kushuka chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1.7 kwa mita, na tambarare ya Kahe ina sehemu zenye chumvi. Pande la namna hiyo usilitumie kwa mbegu.

Kuhusu kukomaa: umri unakupa makisio, kipimo kinakupa uhakika. Nunueni kikundi rifraktomita moja ya mkono, kifaa kidogo cha kupima utamu. Toboa muwa pingili ya chini, ya kati na ya juu, tone la maji ya muwa kwenye kioo, soma. Muwa mchanga ni mtamu chini na maji matupu juu. Namba ya juu ikikaribia ya chini, tofauti isizidi sehemu moja kwa ishirini, umeiva. Viwanda hukausha shamba wiki kadhaa kabla ya kuvuna ili sukari ipande. Wewe usiwaige sana. Mkamuaji anataka maji ya muwa yawe mengi, na kiu ndiyo inayomwita Eldana. Funga maji wiki mbili kabla, zikizidi tatu. Ukishakata, muwa ufike kwenye mashine ndani ya siku moja au mbili, uwe kivulini, kwani sukari inaanza kuvunjika tangu panga linapotoka.

Hapa ndipo unapotofautiana na TPC, na ndiyo maana sikukuambia uige kila wanachofanya. Shamba lile lilianzishwa na Wadenmark miaka ya 1930, likataifishwa, likabinafsishwa mwaka 2000. Lina umwagiliaji wake na kiwanda uani. Wanavunia sukari kwenye mizani. Wewe unavunia mdomo wa mtu. Miwa migumu yenye nyuzi nyingi inamshinda funza, lakini mtafunaji anaisusa. Ile laini inayopendwa na watu inapendwa na Eldana pia. Ningekuwa wewe, mapande matano au sita ningeweka aina ngumu kidogo inayokamuliwa kwa mashine, na miwa laini ya kutafuna ningeiweka karibu na nyumba ninapoweza kuibandua majani kila mara. Mwaka 2024 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vya aina ya muwa iitwayo R570, ya kisiwa cha Réunion, kazi kubwa itakayoharakisha aina mpya zenye ukinzani. Itafika Kahe. Haitafika msimu huu.

Na ekari ya jirani. Huyu ni yule anayekushauri uchome, kwa hiyo nadhani nayo ina miwa mizee. Nondo wa Eldana si msafiri. Wengi wanapandana na kutaga karibu na walipotokea. Maana yake ekari hiyo ndiyo inayokuletea wadudu, na ukiisafisha unajilinda. Ikodi kama ataruhusu mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba mbele ya mtendaji wa kijiji: kwamba utaikata yote siku za mwanzo, na kwamba msimu wa kwanza utapanda choroko, kwa kodi ya choroko. Akikataa lolote kati ya hayo, mwache na ekari yake, umshawishi tu akate miwa hiyo ndani ya mwezi ambao wewe unakata pande lako linalopakana naye.